Sketi ya Fantine: Ulinganisho wa Nyimbo Mbili za Les Misérables

Makala haya yanalinganisha nyimbo mbili za mchezo wa kuimbwa uitwao Les Misérables, nyimbo ambazo wapenzi wa mchezo huo huzitaja kwanza waulizwapo ni upi uliowagusa zaidi. Wa kwanza ni "I Dreamed a Dream", ambao nitauita "Niliota Ndoto". Huimbwa na Fantine. Wa pili ni "On My Own", nitakaouita "Peke Yangu". Huimbwa na Éponine. Zote mbili ni za mwanamke aliyebaki peke yake jukwaani, zote zahusu mapenzi yaliyoshindwa, na katika zote sauti hupandishwa ngazi karibu na mwisho ili mwimbaji adhihirishe nguvu za pumzi yake. Kwa sababu ya mfanano huo watu huzisifu kwa maneno yale yale, na wanafunzi wetu wakitakiwa wachague moja hujibu kwa kumtaja mwimbaji wampendaye. Naona kwamba tofauti iliyopo baina yake ni kubwa kuliko mfanano, na kwamba haiwezi kufahamika vyema mpaka ijulikane kuwa hapo mwanzo nyimbo hizi zote mbili zilikuwa mali ya mhusika mmoja.

Mchezo wenyewe haukuzaliwa London, ijapokuwa ni London iliyoutangaza ulimwenguni. Riwaya ya Victor Hugo ilichapishwa mwaka 1862. Mwaka 1980 Claude-Michel Schönberg, mtunzi wa muziki, pamoja na Alain Boublil na Jean-Marc Natel, watunzi wa maneno, walitoa santuri ya nyimbo za Kifaransa zilizotokana na riwaya hiyo, na katika mwezi wa Septemba mwaka huo huo Robert Hossein akauongoza mchezo katika Palais des Sports mjini Paris. Katika santuri sehemu ya Fantine iliimbwa na Rose Laurens, naye alikuwa na nyimbo mbili za peke yake. Mmoja uliitwa "J'avais rêvé d'une autre vie", maana yake kwamba alikuwa ameota maisha mengine. Huo ndio "Niliota Ndoto". Mwingine uliitwa "L'air de la misère", yaani wimbo wa ufukara. Mahadhi ya wimbo huu wa ufukara ndiyo yale yale tuyasikiayo leo katika "Peke Yangu".

Mchezo ulipofika London ulijengwa upya chini ya waongozaji Trevor Nunn na John Caird, ukafunguliwa tarehe 8 Oktoba 1985 katika ukumbi wa Barbican. Maneno ya Kiingereza yalikabidhiwa kwa Herbert Kretzmer, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Kroonstad, Afrika Kusini, mwaka 1925. Katika ujenzi huo Éponine alipoteza wimbo aliokuwa nao katika santuri ya Paris, akapewa mahadhi ya Fantine yaliyotiwa maneno mapya, maneno ambayo waongozaji wenyewe walishiriki kuyatunga. Fantine akabakiwa na wimbo mmoja.

Aliyeisoma riwaya atakumbuka hapa tukio dogo ambalo mchezo hauna nafasi nalo. Fantine, baada ya kufukuzwa kazi, aliuza nywele zake kwa faranga 10, akanunua sketi iliyofumwa kwa sufu, akaipeleka kwa akina Thénardier waliokuwa wakimlea binti yake Cosette kwa malipo. Akina Thénardier walitaka fedha, si nguo. Wakakasirika, wakamvika sketi ile binti yao wenyewe, naye Cosette akaendelea kutetemeka kwa baridi. Binti huyo aliyevikwa sketi ndiye Éponine. Sidhani kwamba watu wa London walikuwa na sketi hiyo akilini walipoyahamisha mahadhi. Huenda walijali tu kwamba Éponine alihitaji wimbo mzuri na kwamba Fantine, ambaye hufa mapema, alikuwa na miwili. Lakini jambo lenyewe limetokea mara mbili, mara moja katika riwaya na mara ya pili katika historia ya mchezo: alichokipata Fantine kwa kukatwa nywele kimevaliwa na Éponine.

Tuutazame sasa wimbo aliobaki nao Fantine. "Niliota Ndoto" ni wimbo wa mtu aliyekwisha kulifunga daftari lake na sasa anatusomea hesabu. Huanza na ujana na matumaini. Kisha huja usiku pamoja na wale wanaoyararua matumaini. Kisha hutajwa mwanamume aliyekaa naye kiangazi kimoja akaondoka majani yalipoanza kupukutika. Kisha huja tamaa kwamba huenda atarudi. Mwisho hutolewa hukumu. Mpangilio huu ni wa kupungua: kutoka ulimwengu mzima hadi mtu mmoja, na kutoka mtu mmoja hadi moyo mtupu. Kama shairi ni kazi iliyokamilika, na sioni beti ambalo mhariri angelitoa. Vitenzi vyake karibu vyote ni vya wakati uliopita. Tungeuandika kwa Kiswahili, ukurasa ungejaa *-li-*, na *-nge-* ingeingia mara chache tu, kwenye beti la tamaa.

Hapo ndipo penye uzuri wake, na hapo hapo ndipo penye udhaifu. Maadamu kila kitu kimekwisha kutokea kabla mwimbaji hajafungua kinywa, hakuna kinachotendeka wakati wa kuimba. Alijualo Fantine katika mstari wa mwisho alilijua tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo uzito wa wimbo hutegemea mno mahali ulipowekwa. Katika santuri ya Paris ulifuata baada ya Fantine kuuza nywele zake. London mwaka 1985 uliwekwa mara tu baada ya kufukuzwa kiwandani, kabla ya nywele na kabla ya barabara. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: mwanamke anatangaza kwamba maisha yameiua ndoto yake ilhali maisha ndiyo kwanza yanainua panga. Hadhira husamehe kwa sababu ya utamu wa sauti, nami nakiri kwamba nilisamehe kwa miaka mingi bila kujua kwamba nasamehe. Filamu ya Tom Hooper ya mwaka 2012 iliurudisha wimbo nyuma ya maangamizi. Humo Anne Hathaway anauimba nywele zimekwisha kukatwa, meno yamekwisha kung'olewa na mwili umekwisha kuuzwa. Aliuimba papo hapo mbele ya kamera, si kwa kufuatisha sauti iliyorekodiwa kabla. Maneno ni yale yale, lakini sasa kila *-li-* ina kaburi chini yake.

Pia yafaa tuulize wimbo huu unamshtaki nani. Hugo hakuwa mtu wa kuficha washtakiwa: alimtaja Tholomyès, yule mwanafunzi aliyemwacha Fantine kwa mzaha wa karamu; akamtaja mwanamke msimamizi wa kiwanda; akaitaja sheria na polisi wake. Katika wimbo mwanamume hutajwa kwa upole, karibu kwa heshima, na hukumu ya mwisho huangukia maisha. Nani awezaye kuyafikisha maisha mahakamani? Nadhani hii ni sababu moja ya wimbo huu kusafiri vyema nje ya mchezo wake. Mwaka 2009 Susan Boyle, mwanamke wa makamo kutoka Scotland, aliuimba katika mashindano ya televisheni ya Uingereza, akasikika dunia nzima. Wengi waliolia hawakumjua Fantine wala hawakuhitaji kumjua. Wimbo usio na mshtakiwa hutoshea kinywa cha kila mwenye jambo lililomponyoka.

"Peke Yangu" ni kitu kingine. Huimbwa katika sehemu ya pili ya mchezo, Éponine akiwa ametoka kupeleka barua ya Marius, kijana ampendaye, nyumbani kwa Cosette, msichana ambaye Marius anampenda. Kazi hiyo ya utarishi imemalizika na hana pa kwenda. Anatembea usiku katika mitaa ya Paris, na kwa kuwa hana mtu wa kutembea naye, anamuumba. Marius anakuja kando yake, wanakwenda pamoja hadi asubuhi, mawe ya barabara yaliyolowa mvua yanang'aa, mto una ukungu. Kisha mji huo huo, miti hiyo hiyo na mitaa hiyo hiyo huonekana mara ya pili, mitupu, imejaa watu wasiomjua. Hakuna aliyeingia jukwaani kuivunja ndoto hiyo, wala hapakuletwa habari mpya. Aliyeivunja ni ulimi wake mwenyewe, kwa kusema "lakini". Yote haya hutokea mbele yetu: twamwona akimpata mtu na twamwona akimpoteza, kwa muda wa dakika chache, ilhali jukwaani hapakuwa na mtu mwingine tangu mwanzo. Huu ni wimbo wa *-na-* na *-ki-*, wa jambo linalotendeka.

Kiswahili kina jina la zamani la ndoto ya namna hii. Twaiita ndoto ya Alinacha, kwa kumkumbuka yule mtu wa hadithi za Alfu Lela Ulela aliyekaa mbele ya kapu la vyombo vya kioo akijiwazia utajiri, na katikati ya kuwaza akaupiga mguu, kapu likapinduka. Fantine aliota kama watu waotavyo usingizini: ndoto ilimjia, ikaondoka, akaamka. Éponine ni Alinacha. Anaota akiwa macho, anajua kwamba anaota, na mguu unaolipiga kapu ni wake. Tofauti ni kwamba Alinacha alikuwa na vyombo.

Neno hilo la mwisho lanifikisha kwenye shutuma ambayo sitaki kuikwepa. Mahadhi haya yalipokuwa ya Fantine yaliitwa wimbo wa ufukara. Yalipovuka bahari na kupewa Éponine, ufukara uliondolewa katika maneno, mahali pake pakawekwa mapenzi. Éponine wa Hugo ni msichana aliyekonda, asiye na viatu wala meno kamili, na sauti yake inakwaruza kama ya mzee aliyeharibiwa na pombe kali. Katika wimbo hakuna njaa. Binti wa tajiri aliyekataliwa na mchumba angeweza kuuimba bila kubadili neno, nao wengi wameuimba hivyo, kwa sauti zilizopigwa msasa mpaka zikateleza. Sauti ya Frances Ruffelle, aliyekuwa Éponine wa kwanza London, ilikuwa na ukali fulani wa kitoto uliokaribia alichokiandika Hugo; waliofuata, wengi wao, wamekuwa waimbaji bora zaidi na Éponine wabaya zaidi. Mchezo uliporudi Paris mwaka 1991, katika ukumbi wa Mogador, mahadhi yalirudi Kifaransa yakiwa na jina jipya, "Mon histoire", yaani hadithi yangu. Yaliondoka Paris yakiwa ya ufukara wa wote, yakarudi yakiwa hadithi ya mtu mmoja.

Mwenzetu anayeyapima maandishi kwa maudhui kwanza atasema kwamba kesi imekwisha hapo, na kwamba "Niliota Ndoto" ndio wimbo mwaminifu. Simkubalii upesi. Kwanza, hata "Niliota Ndoto" hautaji kodi ya nyumba, wala ujira, wala meno. Ufukara wake umo katika nguo za mwigizaji na katika yale tuliyoyaona kabla ya kuimba, haumo katika beti. Pili, mahadhi yana kumbukumbu yake. Kabla Éponine hajayaimba, hadhira imekwisha kuyasikia kutoka kinywani mwa Fantine: ndiyo anayoyaimba kitandani akikata roho, akimwita mtoto asiyekuwapo. Basi tunapoyasikia tena barabarani, sikio linajua kitu ambacho maneno hayakisemi. Mwanamke mmoja alimwita mtoto ambaye hayupo, mwingine anamwita mpenzi ambaye hayupo, na sauti ni moja.

Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, ufukara wa "Peke Yangu" umo katika fani. Fantine amepoteza alichokuwa nacho, na mtu aliyewahi kuwa nacho ana masimulizi. Éponine hajawahi kuwa nacho. Hana wakati uliopita wa kusimulia; ndiyo maana wimbo wake hauna *-li-* ya kutosha kujaza beti moja. Kitu pekee anachokimiliki ni kile kinachoweza kumilikiwa kwa kukiwazia, nacho hudumu kwa kadiri awezavyo kukiwaza akitembea. Sijui maelezo ya ufukara yaliyo wazi kuliko hayo, hata katika kurasa za Hugo. Kwa hiyo, nikilazimishwa kuchagua, nauchagua "Peke Yangu" kama tendo la jukwaani, na kuukubali "Niliota Ndoto" kama shairi bora zaidi; na uchaguzi wangu naufanya nikijua kwamba wimbo ninaouchagua umevaa nguo ya mwingine.

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa wasomaji wa jarida hili si dogo. Kretzmer hakufasiri neno kwa neno. Alitunga upya juu ya noti zilizokwisha kuwapo. Mmoja wetu akitaka kufanya kazi hiyo kwa Kiswahili atakutana mara moja na pingamizi la mkazo. Maneno matatu ya jina la wimbo wa Éponine yamekalia noti tatu, mbili fupi na moja ndefu, na ile ndefu imebeba silabi yenye nguvu. Kifaransa nacho huweka nguvu mwishoni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na "peke yangu" ina silabi nne, mkazo ukiwa kwenye *ya*. Waliosomea muziki kwa vitabu vya Ulaya watasema kwamba noti ndefu haiwezi kuwekwa juu ya *ngu*.

Pingamizi hili lina nguvu kwa yule tu ambaye hajawahi kusikiliza mashairi yetu yakiimbwa. Mwimbaji wa shairi huko Mombasa au Lamu hukivuta kina cha mwisho, nacho kina ni silabi isiyo na mkazo. Mahadhi huutawala mkazo, na hakuna msikilizaji aliyewahi kulalamika kwamba hakuelewa. Sikio la mwambao limekwisha kuzoea noti ndefu juu ya silabi dhaifu. Ni sikio la darasani lililosahau. Isitoshe, "peke yangu" inatupa kitu ambacho hatukukitafuta. Katika Kiingereza neno la mwisho la jina hilo lina harufu ya umiliki, na katika Kiswahili *-angu* ni umiliki wenyewe: upweke ni wangu, kama kitu changu kingine chochote, na kwa Éponine ndicho pekee. Neno "mpweke", ambalo lingetoshea noti tatu kwa urahisi zaidi, lingeupoteza umiliki huo. Mimi ningebaki na silabi nne, nikaikata ile noti fupi ya kwanza mara mbili.

Kwa "Niliota Ndoto" tatizo ni la wakati. "Niliota" imefunga mlango. "Nilikuwa nikiota" imeuacha wazi kidogo, na kichwa cha Kifaransa cha 1980 kiko karibu zaidi na "nilikuwa nimeota". Mfasiri atakayeuweka wimbo kabla ya nywele kuuzwa angeweza kuchagua "nilikuwa nikiota". Atakayeuweka baada yake hana budi kuufunga mlango. Tena neno "ndoto" lenyewe, kwa wazee wetu, ni la usiku na la tafsiri, si la matumaini ya maisha; maana hii ya pili imeingia baadaye. Fantine wa Kiswahili angesikika kama mtu aliyeonyeshwa jambo usingizini na hakupata wa kumwagulia, na sidhani kwamba angekuwa amepungukiwa kwa hilo.

Mwisho wa "Peke Yangu" ndio utakaomtaabisha mfasiri zaidi. Éponine anarudia mara tatu kwamba anampenda, kabla ya kuongeza maneno yanayolifuta pendo hilo lote. Katika Kiingereza mpendwa ni neno linalosimama peke yake, tena lenye jinsia, na mwimbaji anaweza kulishika na kulivuta. Katika Kiswahili tuna "nampenda", na Marius mzima amekuwa *m*, amebanwa kati ya *na* na *penda*, hana silabi yake wala noti yake, na asiyemjua hawezi kutambua kama ni mwanamume au mwanamke. Nilipojaribu kuandika beti hilo nililiona kuwa hasara, nikatafuta nafasi ya kumtaja kwa jina ili apate noti. Siku hizi namwacha humo humo ndani ya kitenzi, maana ndimo Éponine alimokuwa amemficha.